Kuomba Udaktari Ukiwa Bado Sekondari: Mwongozo Kamili wa Programu za Pamoja za Marekani kwa Vijana Wetu na Wazazi Wao

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wenzangu hapa Marekani ni hili: "Dada, kijana wangu anamaliza darasa la 12 na anataka udaktari. Anaomba wapi?" Wanauliza wakiwa na picha ya nyumbani, nami nawaelewa kwa sababu nilikuja na picha hiyohiyo. Tanzania kijana akifaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita anaomba udaktari moja kwa moja, anasoma miaka 5, anafanya mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha anasajiliwa. Hapa haiendi hivyo. Kijana husoma kwanza shahada ya kwanza kwa miaka 4, akafanya MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, akaomba upya shule hiyo na kusoma miaka 4 mingine, ndipo aingie residensi, yaani mafunzo ya ubingwa kazini, ya miaka 3 hadi 7 kutegemea fani.

Upo mlango mmoja mwembamba unaokaribiana na wa kwetu. Vyuo kadhaa humchukua kijana akiwa sekondari na kumpa ahadi mbili kwa pamoja: shahada ya kwanza, na kiti katika shule ya udaktari akitimiza masharti. Programu hizo huitwa BS/MD au BA/MD: BS na BA ni shahada ya kwanza, MD ni shahada ya udaktari. Nimeupitia mlango huo na binti yangu, na baada yake nimekaa mezani kwangu na familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo tukijaza fomu hadi usiku. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo kazi yenyewe naiona kila siku. Naomba mwongozo huu msome wawili, mzazi na kijana, kwa sababu kijana ndiye atakayejaza fomu na mzazi ndiye atakayeulizwa saini kwenye mkopo.

Kabla ya yote: kijana anataka, au sisi ndio tunataka?

Hili si swali la adabu tu. Kamati za vyuo hivi zinamtafuta kijana wa miaka 17 anayeweza kueleza kwa nini udaktari, na kwa nini aamue sasa badala ya kusubiri miaka minne. Kijana aliyesukumwa hujulikana ndani ya dakika tano za usaili. Nimemwona mmoja, mwenye alama nzuri kuliko wote niliowasaidia, akishindwa kujibu daktari hufanya nini siku nzima. Alijua tu kwamba baba yake anataka kuitwa baba daktari.

Kwa hiyo kaeni chini. Mpe nafasi aseme hapana. Akisema ndiyo, mwulize ni kitu gani cha kazi hiyo kinachomvuta: maiti na darubini, mazungumzo na wagonjwa, upasuaji, afya ya jamii? Jibu lake litaelekeza pia vyuo vya kuomba, kwa sababu programu hizi zina tabia tofauti.

Hatua ya kwanza: hati za ukaazi

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo orodha yako inapofupishwa. Programu nyingi za vyuo vya umma huchukua raia wa Marekani au wenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, na baadhi hudai hata ukaazi wa jimbo lenyewe. Nenda kwenye ukurasa wa kila programu, tafuta sehemu ya masharti ya kuomba, soma mstari wa uraia kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Familia iliyokuja kwa ukimbizi na bado inasubiri kadi ipige simu ofisi ya udahili, iulize hali yao hasa, na iombe jibu kwa barua pepe. Neno la simu halitetei mtu.

Kwa kijana aliye Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura na angependa kuomba akiwa huko, nasema wazi: milango mingi hapa imefungwa kwa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni. Iliyo wazi ni michache, na Brown ni mmoja wao. Kama lengo ni kuwa daktari na si kuwa Marekani, Muhimbili au Nairobi itakufikisha kwa miaka pungufu na kwa gharama ambayo haifanani hata kidogo.

Hatua ya pili: jueni vyuo vilivyo tofauti

Watu huzungumza kana kwamba programu hizi ni kitu kimoja. Tazama mifano hii uone zinavyopishana.

Brown, mjini Providence, ina programu iitwayo PLME. Ni ya miaka 8, haidai MCAT, na mwanafunzi anaweza kusoma historia, muziki au uhandisi katika miaka yake ya kwanza mradi apitie masomo ya sayansi yanayotakiwa. Inamfaa kijana mwenye udadisi mpana. Mwombaji wa PLME anaomba chuo cha Brown chenyewe pamoja na programu, na inawezekana kukosa programu ukakubaliwa chuoni.

University of Missouri-Kansas City ni kinyume chake. Huko ni miaka 6 tu, mwaka mzima bila likizo ndefu, na mwanafunzi huwaona wagonjwa mapema sana. Shule hiyo ya udaktari ilifunguliwa 1971, na kiini chake ni vikundi vidogo vya wanafunzi vinavyokaa na daktari mmoja mlezi kwa miaka mingi. Inamfaa kijana aliyekwisha kuamua na mwenye nidhamu ya kazi. Simshauri mtoto ambaye bado anahitaji kukumbushwa kufanya kazi za shule. Kwa familia zetu nyingi za Kikongo zilizo Kansas City, ni chuo kilicho mlangoni, na faida ya kula na kulala nyumbani ihesabiwe.

New Mexico ina programu ya miaka 8 iliyoanza 2006, inachukua vijana wapatao 28 kwa mwaka, na imeundwa ili jimbo lipate madaktari wa vijijini. City College ya New York, mtaani Harlem, ina njia ya miaka 7 iliyoanzishwa 1973, yenye nia ya kutoa madaktari wa huduma za msingi kwa mitaa isiyo na madaktari wa kutosha. Kijana aliyekulia Bronx na kumpeleka bibi yake kliniki za mtaa ana jambo la kweli la kusema huko.

Usiwasahau madaktari wa osteopathi, wenye shahada ya DO badala ya MD. Wazazi wengi wa kwetu hulikataa neno hilo bila kuuliza, wakidhani ni waganga wa daraja la chini. Sivyo. DO ana haki kamili ya kutibu, kuandika dawa na kupasua katika majimbo yote 50, na nafanya kazi nao kila siku. Njia za pamoja za BS/DO ni nyingi na ushindani wake mara nyingi ni mdogo kidogo.

Jambo moja la kuangalia: programu hizi hufungwa. Ya Northwestern, iliyoanza 1961 na kusifiwa kwa miaka mingi, haipokei tena waombaji, lakini bado inatajwa kwenye orodha za zamani zinazozunguka WhatsApp. Orodha ya rafiki ni mwanzo tu. Ukweli uko kwenye ukurasa wa chuo wa mwaka huu.

Andikeni programu 6 hadi 10 kwenye daftari. Kwa kila moja: miaka mingapi, MCAT inatakiwa au la, wastani wa alama wa kudumisha, uraia, tarehe ya mwisho, ada. Halafu ongezeni vyuo vya kawaida 4 au 5 ambavyo kijana angefurahia kusoma na mnaweza kuvilipia. Usimwache mtoto aombe programu za pamoja pekee. Nafasi ni chache mno, na wanaokataliwa ni pamoja na vijana hodari kabisa.

Hatua ya tatu: darasa la 9 hadi la 11

Masomo yasiachwe yajipange yenyewe. Kijana achukue baiolojia, kemia, fizikia na hesabu za juu kadiri shule yake inavyotoa, zikiwemo zile za AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, kama zipo. Kijana aliyefika Marekani darasa la 10 akawekwa madarasa ya chini kwa sababu ya Kiingereza ana kazi ya ziada: mzazi aende shule, amwone mshauri, aombe mtoto apimwe upya. Shule haiji kukugongea mlango. Nimeona watoto waliofundishwa hesabu nzuri kambini Nyarugusu wakikalishwa mwaka mzima wakirudia sehemu na desimali kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeuliza.

Mitihani ya kuombea vyuo ni miwili: SAT ina alama 1600 na ACT ina 36. Kwa programu hizi wanaoitwa kwenye usaili huwa karibu na kilele, SAT ya 1500 kwenda juu, ingawa zipo zenye kiwango cha chini kilichotangazwa ambacho si kikali hivyo. Afanye mara ya kwanza katikati ya darasa la 11 ili abaki na muda wa kurudia. Familia yenye kipato kidogo inasamehewa ada ya mtihani. Mshauri wa shule ndiye anayetoa msamaha huo, na ukiupata mara nyingi unafungua pia msamaha wa ada za kuomba vyuo.

Hatua ya nne: kijana aijue kazi kwa macho yake

Hapa ndipo familia zetu zina utajiri tusioutambua. Wakazi wa mitaa ya matajiri hutafuta kwa pesa nafasi za watoto wao kukaa karibu na wagonjwa. Kwetu mama ni CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee, mjomba ni mtaalamu wa dialisisi, kusafisha damu kwa mashine, jirani ni muuguzi wa zamu ya usiku. Waulizeni. Hospitali nyingi hupokea wanaojitolea kuanzia miaka 14 au 16, na nyumba za wazee zinawahitaji sana.

Saa nyingi hazitoshi zikiwa tupu. Kijana akipeleka vinywaji wodini kila Jumamosi kwa miaka miwili, akajifunza jina la mzee asiyetembelewa na mtu na kumsikiliza, hiyo inazidi wiki mbili za safari ya nje ya nchi iliyolipiwa dola elfu kadhaa na kupigwa picha na watoto wa kijijini. Kamati zimezichoka picha hizo. Kama kijana alikwenda nyumbani kumwona babu na akaona zahanati isiyo na dawa, aiandike kama mjukuu aliyekuwa pale.

Amfuate pia daktari kazini, angalau wawili wa fani tofauti, akae kona ya chumba, atazame, aandike jioni alichokiona. Daktari wa familia yenu ndiye wa kwanza kuombwa. Binti yangu aliandika barua pepe 11 na akajibiwa 2. Hiyo ni kawaida, wala asivunjike moyo.

Sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA ya 1996, iheshimiwe tangu siku ya kwanza. Hakuna picha za wodini, hakuna jina la mgonjwa kwenye insha wala kwenye simu. Kijana anayevunja siri akiwa na miaka 16 anaipa kamati sababu ya kumkataa.

Hatua ya tano: insha

Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote, na ndiyo inayoachwa hadi wiki ya mwisho. Mbali na insha kuu ya Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, ambayo hufunguliwa tarehe 1 Agosti, kila programu huongeza zake: kwa nini udaktari, kwa nini njia ya pamoja, kwa nini sisi. Kijana mwenye programu nane anaweza kuandika insha 20. Aanze Juni, shule ikifungwa.

Makosa ya vijana wetu nayajua kwa moyo. La kwanza ni kuandika kama hotuba ya mahafali: tangu utoto niliota koti jeupe, nataka kusaidia watu. Mwuguzi anasaidia watu, mwalimu anasaidia, dereva wa ambulansi anasaidia. Kwa nini basi daktari? Jibu linatakiwa liguse kitu ambacho daktari peke yake hubeba: kuamua ugonjwa ni nini wakati dalili zinapingana, na kuwajibika kwa uamuzi huo.

La pili ni kuuza machungu. Kuna wanaowashauri watoto waliopita vitani waandike kambi, njaa na risasi, kwa kudhani kamati italia na kumpokea. Mtoto ana haki ya kuisimulia historia yake, na ana haki vilevile ya kuinyamazia. Akiisimulia, iwe kwa sababu ina uhusiano na daktari anayetaka kuwa, na nusu kubwa ya insha iwe juu ya alichokifanya baada ya hapo.

Mada ambayo karibu kila kijana wetu anayo, na wachache huiona, ni ukalimani. Mtoto wa miaka 12 amekaa kati ya daktari na mama yake akitafuta Kiswahili cha "uvimbe" na "kipimo cha tishu", akiamua amwambie mama yote au apunguze makali. Ndani ya tukio hilo kuna maadili ya tiba, lugha, woga na upendo. Kijana mmoja niliyemsaidia aliandika juu ya neno moja tu. Mama alisema "moyo unanienda mbio", yeye akatafsiri kuwa mama ana wasiwasi, kumbe mama alikuwa akieleza mapigo ya moyo yenyewe. Aliposoma insha ile kwa sauti mezani kwangu sikuwa na la kusahihisha ila koma. (Wazazi, tukiwa hapo: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na kanuni za afya zinakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwenye dharura. Dai haki hiyo.)

Kwenye swali la "kwa nini sisi", majina ya majengo na sifa za chuo hazina thamani. Ataje kitu cha programu hiyo kinachokutana na maisha yake. Anayeomba Brown aeleze somo la nje ya sayansi analolitaka na kwa nini daktari analihitaji somo hilo. Anayeomba Kansas City aeleze kwa nini yuko tayari kumwona mgonjwa mwaka wa kwanza. Anayeomba New Mexico aseme kwa ukweli kama atarudi vijijini au la.

Insha isomwe na watu wawili tu: mmoja anayemjua kijana, mmoja asiyemjua. Wakiwa watano, sauti yake hupotea. Na asiandikiwe, na mtu wala na kompyuta. Kwenye usaili ataulizwa kila sentensi aliyoiweka pale.

Hatua ya sita: barua, fomu na tarehe

Barua za mapendekezo ziombwe mwishoni mwa darasa la 11, kwa adabu na kwa mdomo kwanza. Mwalimu mmoja wa sayansi, mmoja wa lugha au historia, na mtu aliyemwona kazini au kwenye kujitolea. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja wa kumbukumbu: alichokifanya kijana darasani, analoomba, na tarehe ya mwisho.

Tarehe hizo ndizo zilizotuumiza sisi. Programu nyingi za pamoja hufunga kati ya Oktoba na mapema Desemba, mapema kuliko vyuo vya kawaida. Sisi tulijua tarehe ya fomu ya chuo, hatukujua kwamba programu yenyewe ilikuwa na fomu ya pili yenye tarehe yake, wiki mbili kabla. Tuligundua siku tatu baada ya kupita. Nilimpigia simu kila mtu niliyedhani angeweza kusaidia, na jibu lilikuwa moja. Binti yangu alilia chumbani, nami nikalia garini nikienda zamu. Ndiyo maana nasema daftari liwe na safu mbili za tarehe, ya chuo na ya programu, na barua za walimu zihesabiwe kuwa zinatakiwa wiki mbili kabla ya hapo.

Tahadhari nyingine ni uombaji wa mapema ule uitwao Early Decision. Ni ahadi inayofunga: ukikubaliwa, unakwenda. Kama chuo kinaweza kukukubali bila kukupa programu ya udaktari, uliza kwa maandishi, kabla ya kutia saini, kwamba je, bado utafungwa? Na kama msaada wa fedha ndio utakaoamua, usijifunge kabla ya kutumia kikokotoo cha gharama kilicho kwenye tovuti ya chuo hicho.

Fomu ya msaada wa serikali, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na vyuo binafsi kadhaa hudai pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea msaada wa fedha. Zijazwe mara moja, kodi ya mwaka husika ikiwa tayari.

Hatua ya saba: usaili

Mialiko huja kati ya Desemba na Machi. Kwa watoto waliolelewa Kiswahili, shida hapa ni malezi yenyewe, na nasema hivi nikiwa mzazi ninayejivunia malezi hayo. Tumewafundisha wasimkazie mtu mzima macho. Tumewafundisha wasijisifu, wangoje waulizwe, wajibu kwa kifupi. Mbele ya kamati ya Kimarekani heshima hiyo husomeka kama kutojiamini au kutojua.

Usimwambie mtoto aache adabu. Mwambie kwamba kwa wenyeji hawa, kumtazama mtu usoni na kueleza ulichofanya bila kuzungukazunguka ndiyo heshima. Njia iliyotusaidia ilikuwa kumwomba asimulie matukio badala ya sifa. Hawezi kusema "mimi ni mvumilivu", ulimi unakataa, lakini anaweza kusimulia mzee aliyemrushia sahani ya chakula na yeye akarudi kesho yake. Msikilizaji atajaza neno mwenyewe. Mfanyeni mazoezi na watu asiowazoea: mchungaji, imamu, rafiki wa kazini. Mama na baba si wasaili wazuri, tunasamehe mapema.

Baadhi ya shule hutumia usaili wa vituo, MMI. Kijana husimama mlangoni, husoma tukio kwa dakika kama mbili, huingia na kulizungumza kwa dakika chache, kisha huhamia mlango mwingine. Matukio huwa ya maadili: rafiki yako ameiba majibu ya mtihani, mgonjwa anakataa damu kwa sababu ya imani, mashine ni moja na wagonjwa wawili. Hakuna jibu moja lililofichwa. Wanatazama kama kijana anasikiliza pande zote, anauliza anachokosa, na hatimaye anathubutu kuamua. Kijana aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo akisikiliza wazee wakipatanisha watu anajua namna hiyo ya kufikiri kuliko anavyodhani. Mkumbushe.

Swali litakalokuja kwa hakika ni hili: kama usingekuwa daktari ungekuwa nani? Asijibu "hakuna kingine". Kijana wa miaka 17 asiye na kingine humtia wasiwasi msaili.

Hatua ya nane: barua ya kukubaliwa na hesabu yake

Ukipokelewa, shukuru Mungu, kisha leta kalamu. Jibu la mwisho kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Mei, na kabla ya hapo yapo mambo mawili ya kusoma polepole.

Kwanza masharti. Kila programu ina wastani wa alama wa kudumisha, nyingi zikiwa karibu na 3.5 kati ya 4, na nyingine zinadai MCAT ya kiwango fulani. Alama za MCAT huanzia 472 hadi 528, na 500 ndiyo katikati. Programu inayodai MCAT ya juu inakupa ahadi nyembamba, kwa kuwa mwenye alama hizo angeweza kuomba shule nyingi mwenyewe. Ulizeni: akishuka muhula mmoja anapewa nafasi ya kurekebisha? Akiomba shule nyingine anapoteza kiti? Akiugua na kuahirisha mwaka? Majibu yawe ya maandishi.

Pili pesa, na hapa naomba mzazi asiseme "Mungu atafungua njia" kabla hajapiga hesabu. Wahitimu wa udaktari wenye madeni humaliza na deni la kati la takriban dola 200,000. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hawapati tena ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS uliokuwa ukifidia gharama yote. Mwanafunzi wa udaktari anakopeshwa na serikali hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mkopo wa wazazi nao umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Shule binafsi nyingi zinagharimu zaidi ya hapo, na pengo linabaki kwa mikopo ya benki yenye riba ya benki.

Kumbukeni pia kwamba njia ya pamoja inakufunga kwa shule moja ya udaktari, wakati nje ya njia hiyo ziko shule zilizofuta ada. NYU iliifuta 2018, Albert Einstein iliyo Bronx 2024, na Johns Hopkins mwaka huohuo kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 300,000. Kuzipata ni vigumu, lakini mwanafunzi aliyefungwa kwingine hazijaribu kabisa.

Binti yangu alipokelewa na programu moja, ya chuo binafsi. Tulikesha siku tatu na karatasi za hesabu. Upande mwingine chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kimempa ufadhili wa ada yote. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, nikiweza kutimiza masharti yao, nitaweza pia kuomba baadaye." Tukaandika barua ya kushukuru na kukataa. Kwa familia nyingine uamuzi ungekuwa kinyume, na ungekuwa sahihi: kama programu ni ya chuo cha umma cha jimbo lenu, haidai MCAT, na kijana anaganda kwa woga kila akisikia neno mtihani, chukueni.

Ukikosa

Wengi hukosa, na mlango haujafungwa. Mwanafunzi akiwa mwaka wa pili chuoni anaweza kuomba ahadi ya mapema ya shule ya udaktari. Mount Sinai ya New York ina FlexMed, isiyodai MCAT. Texas ina JAMP, iliyoundwa kwa sheria ya jimbo ya 2001 kwa wakazi wa Texas wenye kipato kidogo, na inatoa fedha, mafunzo na kiti cha udaktari kwa anayetimiza masharti. Nashangaa ni wazazi wangapi wa Houston na Dallas hawajawahi kuisikia. Halafu ipo njia ya kawaida, ambayo ndiyo imetoa madaktari wengi wa nchi hii. Chama cha shule za udaktari, AAMC, kina punguzo la ada ya MCAT na ya kuomba kwa wenye kipato kidogo.

Daftari lile la tarehe na masharti lisitupwe. Kijana aende nalo chuoni, aandike humo saa zake za kujitolea, majina ya walimu wanaomjua, na kila daktari aliyemruhusu kukaa kona ya chumba. Mwaka wa pili ukifika, nusu ya fomu itakuwa imekwisha kujazwa.